Kabla jino halijalegea: ushahidi uliomo katika mate na majimaji ya fizi

Hotuba kwa watumishi wa afya na wananchi, Mwanza, katika Wiki ya Afya ya Kinywa na Meno

Mheshimiwa mgeni rasmi, waganga wakuu wa wilaya mliofika kutoka Ukerewe, Sengerema, Magu na Kwimba, walimu wangu na madaktari wenzangu, matabibu wa meno, wataalamu wa maabara, wauguzi, wanafunzi, na ninyi wananchi mliokuja kuchunguzwa meno asubuhi hii mkakubali kubaki kusikiliza: itifaki ikiwa imezingatiwa, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie viashiria vya kibiolojia, yaani vitu vinavyopimika ambavyo huonyesha kinachoendelea mwilini, vinavyopatikana katika majimaji ya kinywa cha mtu mwenye ugonjwa wa fizi. Ni somo la maabara, na ningeweza kulibakiza kwa wataalamu peke yao, lakini nimeona vema kulileta mbele ya mkutano huu kwa sababu linamgusa mtu anayekaa kwenye benchi la kliniki kuliko linavyomgusa anayekaa mbele ya darubini. Jambo ninalotaka kulieleza ni hili: vipimo vya mate na majimaji ya fizi vimefikia hatua ya kuweza kutusaidia kuamua nani amwone daktari wa meno kwanza, na kwa mkoa wenye visiwa vingi na madaktari wachache wa meno, uamuzi huo una uzito kuliko kipimo chenyewe. Lakini hatuna haki ya kuvitumia kwa viwango vya kuazima kabla ya kuvijaribu katika vinywa vya watu wetu.

Ugonjwa wa fizi una ngazi mbili ambazo wengi huzichanganya, na kuzichanganya huko kunagharimu meno. Ngazi ya kwanza ni uvimbe wa fizi peke yake. Ukoga hujikusanya kwenye shina la jino, fizi huwa nyekundu, huvuja damu mtu anapopiga mswaki au anapouma hindi la kuchoma, na zikisafishwa hurudi katika hali yake. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmark, walichapisha jaribio ambamo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno yao. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa wamepata uvimbe wa fizi, na waliporudia usafi wote walipona. Kila mwanafunzi wa tiba ya meno hulijua jaribio hilo, na lingestahili kujulikana pia kwa kila mzazi.

Ngazi ya pili ni habari nyingine kabisa. Uvimbe hushuka chini, nyuzi za kolajeni zinazolishikiza jino kwenye mfupa hukatika, mfupa wenyewe wa taya huliwa, na kati ya jino na ufizi hufanyika mfuko ambao mswaki haufiki. Kilichopotea hapo hakirudi kwa kupiga mswaki, na kwa sehemu kubwa hakirudi kwa tiba yoyote. Anachoweza daktari ni kuzuia upotevu usiendelee. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba hali kali ya ugonjwa huu imewapata karibu asilimia 19 ya watu wenye umri wa zaidi ya miaka 15, yaani watu zaidi ya bilioni moja. Ubaya wake mkubwa ni kwamba kwa kawaida hauumi. Jino lililotoboka humwamsha mtu usiku wa manane, lakini mfupa unaoliwa polepole humwacha alale vizuri kwa miaka, hadi siku anapotafuna michembe akahisi jino linacheza. Mvuvi wa Ukara hufika hospitali siku hiyo, ametumia muda mrefu majini na barabarani, na mara nyingi tunachobaki nacho cha kumpa ni kung'oa.

Kwa nini basi si kila mwenye fizi zinazovuja damu hufika ngazi hiyo ya pili? Swali hili ndilo mlango wa mada yangu, kwa hiyo niruhusuni nikae nalo kidogo.

Mwaka 1970 Löe huyohuyo alianza kuwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, wanaume ambao hawakuwa wakisafisha meno kwa namna ya kawaida wala kupata huduma yoyote ya meno. Walifuatiliwa kwa miaka 15. Wote walikuwa na ukoga mwingi, wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Hata hivyo taarifa ya mwaka 1986 ilionyesha kwamba karibu asilimia 8 walipoteza mshikizo wa meno kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuvuka ngazi ya uvimbe wa fizi kwa muda wote huo. Mwaka huohuo wa 1986 Vibeke Baelum na wenzake walichapisha uchunguzi wao kwa watu wazima wa hapahapa Tanzania, na picha waliyoikuta inafanana na hiyo: ukoga na ugaga, yaani ukoga uliokwisha kugeuka mgumu, ulikuwa umeenea karibu kwa kila mtu, lakini mifuko yenye kina na upotevu mkubwa wa mshikizo ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache na kwenye meno machache.

Ndugu zangu, matokeo hayo yana maana kubwa kwetu. Uchafu wa meno ni lazima uwepo ili ugonjwa uanze, lakini uchafu peke yake hautuambii ni nani atakayepoteza meno. Kuna watu ambao mwili wao hupambana na bakteria kwa namna inayoangamiza pia tishu zao wenyewe, na watu hao, kwa macho ya mtu anayepita na kuangalia vinywa, hawana tofauti na majirani zao. Kama tungeweza kuwatambua mapema, nguvu zetu chache tungezipeleka kwao.

Zana tulizo nazo hazitoshi kwa kazi hiyo. Daktari wa meno hutumia probu, kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, anachokiingiza taratibu kati ya jino na ufizi, mahali sita kwa kila jino. Kwa mtu mwenye meno 28 hizo ni sehemu 168, na mtu wa kuziandika, na mwanga mzuri, na muda. Hapo tunaongeza picha ya eksirei pale mashine ipo na umeme upo. Kazi hii ni ya lazima na siitetei iachwe. Lakini kina cha mfuko na kimo cha mfupa hutueleza upotevu uliokwisha kutokea. Mnakumbuka mwaka 2020 maji ya ziwa letu yalipopanda yakazifikia nyumba za watu. Ukienda na kamba kupima ufukwe, utajua ni hatua ngapi zimeliwa tangu zamani, lakini kamba haitakuambia kama leo hii maji yanapanda, yametulia au yanashuka.

Damu inayotoka probu inapogusa ufizi inasaidia kidogo. Niklaus Lang na wenzake, huko Bern nchini Uswisi, walionyesha kati ya mwaka 1986 na 1990 kwamba sehemu isiyovuja damu kwa vipimo vya kufuatana ina uhakika wa takribani asilimia 98 wa kubaki salama. Hiyo ni habari njema na ya kutegemewa. Upande wa pili ni dhaifu: hata sehemu iliyovuja damu katika mahudhurio manne mfululizo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 30 tu wa kupoteza mshikizo. Tena kwa mvuta sigara, tumbaku hupunguza uvujaji wa damu kwenye fizi, ikauficha ugonjwa kwa mtu yuleyule aliye katika hatari kubwa zaidi. Anayewajua wavuvi wetu wanaokesha na sigara mkononi ataelewa kwa nini jambo hili linanikosesha raha.

Sasa tuje kwenye majimaji yenyewe. Kinywani kuna majimaji ya aina mbili yanayotuhusu. Ya kwanza ni mate, ambayo mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, asilimia 99 yake ikiwa maji, na katika asilimia moja iliyobaki zimo chumvi, protini, vimeng'enya, kingamwili na mabaki ya seli. Ya pili hayajulikani sana nje ya taaluma yetu: ni majimaji yanayochujuka kutoka kwenye mishipa midogo ya damu ya ufizi na kutokeza katika mfereji mwembamba uliopo kati ya jino na ufizi. Mwaka 1958 Brill na Krasse waliwapa mbwa rangi inayong'aa kwa njia ya sindano, na baadaye wakaikuta rangi hiyo kwenye vipande vya karatasi ya kuchujia walivyoviweka katika mifereji ya fizi. Tangu hapo tulijua kwamba mfereji ule si kisima kikavu. Katika ufizi mzima majimaji yanayokutwa humo hayafiki hata maikrolita moja, na maikrolita moja ni sehemu moja ya milioni ya lita. Ufizi ukivimba, kiasi hicho huongezeka maradufu na zaidi.

Kwa sababu majimaji hayo hupita katikati ya tishu inayoshambuliwa kabla ya kutokeza nje, hubeba ushahidi wa yale yaliyokuwa yakitendeka humo. Hubeba bakteria na vitu vyao, hasa Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola, watatu ambao Sigmund Socransky na wenzake waliwaweka katika kundi moja mwaka 1998 kwa kuwa hukutwa pamoja kwenye mifuko yenye kina. Sitawazungumzia zaidi, kwa sababu bakteria hao hukutwa pia kwa watu ambao mfupa wao hauliwi, na swali letu ni nani anaangamia.

Jibu la mwili ndilo lenye habari zaidi. Seli za kinga zikihisi bakteria hutoa vijumbe vya kuitana, mmojawapo ukiwa interlukini-1 beta, unaochochea uvimbe na kuziamsha seli zinazomeng'enya mfupa. Hutoa pia prostaglandini E2, kemikali nyingine inayochochea uvimbe. Steven Offenbacher na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba wingi wa prostaglandini hiyo katika majimaji ya fizi ulitangulia upotevu wa mshikizo, jambo lililowapa watafiti moyo kwamba majimaji haya yanaweza kusema kabla ya probu kusema. Na mfupa unapoanza kuliwa, vipande vya kolajeni yake humwagika ndani ya mfereji, vikapimika.

Lakini kiashiria nitakachokieleza kwa kirefu ni kimeng'enya kiitwacho MMP-8, kwa kuwa ndicho kilichotoka maabara kikafika mezani pa daktari. Vimeng'enya vya ukoo wake viligunduliwa mwaka 1962, Jerome Gross na Charles Lapiere walipojiuliza kiluwiluwi hupotezaje mkia wake anapogeuka kuwa chura, wakakuta kuna kitu kinachoikata kolajeni, protini ngumu ambayo vimeng'enya vya kawaida haviiwezi. Mwili hauwezi kukua, kupona kidonda wala kujifungua bila vimeng'enya vya aina hiyo. MMP-8 huwekwa akiba ndani ya nyutrofili, zile seli nyeupe za damu zinazokuwa za kwanza kufika penye vijidudu. Huwekwa humo ikiwa imefungwa, haina makali. Nyutrofili zinapomiminika kwenye mfereji wa ufizi kupigana na ukoga humwaga akiba hiyo, kisha vimeng'enya vya bakteria pamoja na kemikali kali za vita hivyo huifungua. Ikishafunguliwa huikata kolajeni ya aina ya kwanza, na hiyo ndiyo kamba inayolishikiza jino. Mwili una vizuizi vyake vya kuizima, na ugonjwa hushamiri pale makali yanapovishinda vizuizi.

Ndiyo maana Timo Sorsa na wenzake katika Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao wamekifanyia kazi kimeng'enya hiki kwa miongo mingi, husisitiza kupima MMP-8 iliyokwisha kufunguliwa. Jumla yake haitoshi: silaha iliyomo ghalani na silaha iliyokwisha kutolewa havina habari moja. Upande wa tiba nao umethibitisha kwamba kimeng'enya hiki ni mshiriki wa uharibifu wenyewe. Mwaka 1983 Lorne Golub na wenzake walionyesha kwamba dawa za jamii ya tetrasaiklini huzizima kolajenasi, yaani vimeng'enya vinavyoikata kolajeni kama MMP-8, kwa njia isiyotegemea uwezo wake wa kuua bakteria, na mwaka 1998 Marekani iliidhinisha doksisaiklini ya miligramu 20 mara mbili kwa siku, kiasi kisichotosha kuua bakteria, iwe nyongeza ya tiba ya kusafisha mizizi ya meno. Naomba mtu yeyote asiondoke hapa akaenda duka la dawa kujinunulia doksisaiklini. Kiasi hicho hakitibu maambukizi, na kujitibu kwa dawa hizo kumekwisha kutuletea usugu wa kutosha.

Kipimo chenyewe hufanyika hivi. Mtu husukutua kwa maji safi kwa nusu dakika na kuyatema, hungoja dakika moja, kisha husukutua tena nusu dakika kwa mililita 5 za maji maalumu na kuyatemea kikombeni. Maji hayo huchujwa, matone machache hudondoshwa kwenye kitepe, na baada ya dakika 5 husomwa mistari. Mistari miwili humaanisha kwamba MMP-8 iliyo hai imefikia nanogramu 20 au zaidi kwa mililita. Muuguzi aliyewahi kusoma kipimo cha haraka cha malaria hatahitaji mafunzo marefu, na hakuna sindano wala damu.

Watanzania si wageni wa vipimo vya majimaji ya kinywa. Tangu sheria ya UKIMWI iliporekebishwa mwaka 2019 na kuruhusu mtu kujipima, wengi mmekiona kipimo cha VVU ambacho kijiti chake hupitishwa kwenye fizi. Niseme wazi, kwa kuwa swali hili huulizwa kila mahali, kwamba kijiti kile hutafuta kingamwili na wala hakitafuti virusi, na kwamba VVU haviambukizwi kwa mate. Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa kati ya vipimo hivi viwili, na asiyeiona atapotosha watu. Kingamwili za VVU mtu anazo au hana. MMP-8 kila mmoja wetu anayo kinywani sasa hivi. Kinachoulizwa ni kiasi gani, na mstari wa kutenganisha kiasi kinachovumilika na kiasi cha hatari umechorwa na watafiti waliowapima watu fulani, mahali fulani.

Tuone hesabu inavyoweza kwenda. Tuchukue mfano wa watu wazima 1,000, na kati yao 190 wawe na ugonjwa mkali, kwa kufuata ule wastani wa dunia. Tuseme kipimo chetu kinawatambua wagonjwa 80 katika kila 100, na kinawaachia salama wazima 80 katika kila 100. Katika wagonjwa 190 kitawashika 152 na kuwapitisha 38 bila kuwaona. Katika wasio na ugonjwa mkali 810 kitawasimamisha 162 bure. Kwa hiyo wenye mistari miwili watakuwa 314, na zaidi ya nusu yao hawatakuwa na ugonjwa mkali. Atakayechukua kipimo hicho na kumwambia kila mwenye mistari miwili kwamba meno yake yanang'oka, atakuwa amewatisha watu 162 wasio na kosa. Lakini atakayekitumia kupanga foleni atakuwa amemrahisishia daktari kazi: badala ya kuingiza probu katika vinywa 1,000, ataanza na 314, na humo atakuta wagonjwa wanne katika kila watano wa kijiji kile. Wale 38 waliopita ndio sababu ya kutofuta uchunguzi wa kawaida kwa mtu yeyote anayelalamika, hata kama kitepe chake kimeonyesha mstari mmoja.

Hapo ndipo ninaposimama, na najua baadhi ya wenzangu wanataka kwenda mbali zaidi. Wapo wanaosema kipimo kitachukua nafasi ya probu. Siamini hivyo. Mate huchanganya habari za kinywa kizima: yatakuambia kuna mahali panaungua, hayatakuambia ni jino lipi. Kulijua jino ni lazima uende kwenye mfereji wake na kipande cha karatasi, na kazi hiyo ina mitego. Karatasi ikigusa mate, sampuli imeharibika. Ikiguswa na damu, imeharibika. Hata namna ya kuripoti inaweza kupotosha, kwa sababu mfereji mzima una majimaji kidogo mno, na ukigawanya protini kwa ujazo mdogo unaweza kupata msongamano mkubwa mahali ambapo hakuna ugonjwa wowote. Ndiyo sababu watafiti wengi hupendelea kuripoti jumla ya kiashiria kilichokusanywa kwa muda uliowekwa, kwa kawaida sekunde 30. Wanafunzi wa maabara mliopo hapa, msome sehemu ya mbinu katika kila makala kabla ya kuyaamini matokeo yake.

Kiashiria kimoja pia kina upweke wake. MMP-8 haijui kama nyutrofili zimeitwa na ugonjwa wa fizi, na kidonda cha mdomoni au jino la mwisho linalochomoza huweza kuipandisha vilevile. Watafiti wa Finland wamejaribu kuunganisha alama ya MMP-8, ya interlukini-1 beta na ya wingi wa Porphyromonas gingivalis katika mate, wakapata picha iliyo bora kuliko ya kiashiria kimojakimoja. Mwelekeo huo naukubali, kwa kuwa mmoja ni mchokozi, mwingine ni mpiga mbiu, na wa tatu ni mkono unaokata. Gharama yake ni kubwa zaidi, na kwa kituo cha afya cha kisiwani kitepe kimoja ndicho kitakachowezekana kwanza.

Ule mstari wa nanogramu 20 umetokana zaidi na tafiti za Ulaya. Watu waliopimwa huko hawaishi na malaria, hawaogi katika maji yenye kichocho, na vinywa vyao vimeshazoea kusafishwa na wataalamu mara kwa mara. Watu wetu wana ugaga wa miaka mingi, wengi wanaishi na VVU wakiwa kwenye dawa, na wengine wana kisukari bila kujijua. Inawezekana mstari uleule utafaa hapa bila kubadilishwa, na inawezekana ukiletwa ulivyo karibu kila mtu mzima wa Kwimba ataonyesha mistari miwili, na kipimo kinachomwonyesha kila mtu mistari miwili hakipangi foleni yoyote. Kazi ya kulijua hilo ni yetu. Mwanza ina hospitali ya rufaa ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971, ina chuo kikuu cha afya kwenye kilima hichohicho, ina hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, na ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kutoka katika vijiji vya mkoa huu, kati ya mwaka 1991 na 1994, ulifanyika utafiti ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40, na ulipochapishwa mwaka 1995 ulisomwa dunia nzima. Wananchi waliojitolea katika utafiti ule walikuwa wakulima na wavuvi kama ninyi. Hatukosi watu wala akili ya kufanya kazi hii.

Ninapendekeza ianzie kwenye kliniki za kisukari, na nina sababu tatu za kitaalamu na moja ya kiutendaji. Kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupitia tafiti za tiba, yalionyesha kwamba kutibu fizi kwa wagonjwa wa kisukari hupunguza kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu iliyopita, kwa takribani asilimia 0.4 katika miezi 3 hadi 4, punguzo ambalo mgonjwa wa kisukari na daktari wake wanajua thamani yake. Na mpangilio mpya wa magonjwa ya fizi uliotolewa mwaka 2018 tayari unaihesabu HbA1c ya asilimia 7 na kuendelea kuwa dalili ya kasi kubwa ya ugonjwa. Ya kiutendaji ni hii: wagonjwa wengi hufika kliniki asubuhi bila kula kwa ajili ya kupimwa sukari, na huo ndio wakati unaofaa kabisa kuchukua mate, kwa sababu chakula, mswaki na saa ya siku hubadilisha kilichomo ndani yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa waganga wakuu ni dogo. Siku ya kliniki ya kisukari awepo muuguzi mmoja wa kumpa mgonjwa maji ya kusukutua kabla hajanywa chai, na mtu wa kuandika kama anavuta sigara, kama ni mjamzito, dawa anazotumia na lini alisafishwa meno mara ya mwisho. Sampuli zitakazopelekwa maabara kwa vipimo vya kina ziwekwe mara moja kwenye boksi la barafu, kwa sababu protini za mate huanza kuvunjika muda mfupi baada ya kutemwa, na kwa joto la pwani ya ziwa letu kikombe kilichosahauliwa dirishani hakina tena cha kutueleza. Kwenye meli ya Nansio boksi hilo liwe mikononi mwa mtu, lisichanganywe na mizigo. Kila aliyepimwa kwa kitepe apimwe pia kwa probu na tabibu wa meno ambaye hajaonyeshwa matokeo ya kitepe, vinginevyo jicho lake litafuata alichokwisha kukisoma na hatutajua kipimo kinafaa kiasi gani. Na vifaa vya kusafishia mizizi ya meno viwe tayari kwenye chumba cha pili siku hiyohiyo, ili yeyote atakayekutwa na mifuko inayoendelea kuliwa atibiwe kabla hajapanda meli ya kurudi.